Maswali ya Wasomaji: Faili Lipo, Kontena Linasema Halipo

SWALI: Ndugu mhariri wa safu hii, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na ninaishi Ng'ong'ona. Mjomba wangu analima zabibu Hombolo, na kila msimu wa mavuno huandika uzito wa kreti zake katika daftari, kisha hujumlisha kwa kalamu na kukosea. Nimemwandikia programu fupi kwa lugha ya C, niliyoiita zabibu.c, ambayo husoma uzito wa kreti moja baada ya nyingine na mwishoni kutoa jumla. Niliikompaili, yaani niliigeuza kuwa faili linaloweza kuendeshwa, kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu, ikafanya kazi bila tatizo. Kwa kuwa tumetakiwa darasani tuzoee Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, nililinakili faili lililokwisha kukompailiwa ndani ya kontena la Alpine, aina ndogo ya Linux, na nilipoliendesha nikajibiwa "sh: ./zabibu: not found", yaani halikupatikana. Nikaandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, nikaliona palepale. Nimebadili ruhusa kwa chmod, nimelinakili upya mara tatu, na jibu ni lilelile. Inawezekanaje kontena lilionyeshe faili, kisha lilikane?

JIBU: Ndugu msomaji, faili lako ni zima na ruhusa zake hazina kasoro. Kinachokosekana ni faili jingine, ambalo hukuliandika wewe na pengine hukujua kwamba programu yako inalitegemea. Na ujumbe ule, kwa uvivu ambao mimi binafsi sijawahi kuusamehe, hautaji jina lake.

Kwa kawaida gcc, yaani kompaila ya C, inapomaliza kazi haikupi programu inayojitosheleza. Maelekezo ya printf na scanf yamo katika maktaba ya C ya mfumo wenyewe, na faili lako hubeba tu taarifa kwamba linaihitaji maktaba hiyo. Ndani ya faili hilo imeandikwa pia njia ya kipakiaji, ambacho ni programu ndogo inayotangulia kuitwa ili iitafute maktaba na kuiunganisha kabla main haijaanza. Andika amri ya file zabibu kwenye Ubuntu yako, na kama kompyuta yako ni ya Intel au AMD ya biti 64, utaisoma njia hiyo kwa macho yako: /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Hicho ni kipakiaji cha glibc, maktaba ya C inayotumiwa na Ubuntu. Alpine, kwa kupenda udogo, hutumia maktaba nyingine iitwayo musl, na kipakiaji chake ni /lib/ld-musl-x86_64.so.1. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ililiona faili lako, ikasoma njia ya kipakiaji, ikakitafuta, ikakikosa, na ikarudisha jibu moja tu kwamba kitu hakipo. Nayo shell, programu inayopokea amri unazoandika, isiyojua ni kitu gani kilichokosekana, ikakutajia jina pekee ililokuwa nalo, ambalo ni la faili lako. Aliyewahi kufuatilia barua katika ofisi yoyote ya mji huu anaujua mchezo huo: karani anasema "hayupo", nawe unabaki kujiuliza kama asiyekuwapo ni mkubwa, ni mtunza mhuri au ni wewe mwenyewe.

Hapa pana dhana moja inayowapoteza wengi, nayo ni kulichukulia kontena kama kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Kontena ni mchakato wa kawaida unaoendeshwa na keneli ileile ya mashine yako, isipokuwa umetengwa usione michakato mingine na umepewa mafaili yake yenyewe. Keneli, basi, mnashiriki, maktaba hamshiriki. Ndiyo maana programu iliyokompailiwa nje ya kontena inaweza kuingia ndani na kujikuta haina wenyeji wake.

Dawa iliyo rahisi ni kukompaili na kuendesha mahali pamoja. Ukiwa ndani ya folda yenye zabibu.c, andika amri hii katika mstari mmoja:

docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi -w /kazi gcc:13 sh -c "gcc -Wall -o zabibu zabibu.c && ./zabibu"

Sehemu ya -v huifungulia folda yako mlango ndani ya kontena kwa jina la /kazi, na -w huifanya iwe mahali pa kuanzia. Neno --rm huamuru kontena lifutwe likimaliza, na chochote kilichoandikwa nje ya /kazi kitafutika nalo. Usiiache -it, kwa sababu bila herufi i programu haipati kitu cha kusoma kutoka kwenye kibodi: scanf hukutana na mwisho wa maandishi papo hapo, na mjomba ataambiwa kwamba amevuna kilo sifuri.

Kabla ya kuiandika, hata hivyo, angalia bando lako. Imeji, yaani kifurushi cha mafaili ambacho kontena huanzishwa kutokana nacho, ya gcc ikishafunguliwa huzidi gigabaiti moja, ilhali ya Alpine haifiki megabaiti 10. Ukitaka kubaki na Alpine, sakinisha kompaila humohumo kwa apk add gcc musl-dev. Ukiisahau musl-dev utalalamikiwa kwamba stdio.h haipo, na safari hii malalamiko yatakuwa ya kweli.

Njia ninayoipenda zaidi, hasa kwa programu utakayomkabidhi mtu mwingine, ni ya kujenga kwa hatua mbili, ambayo Docker imekuwa nayo tangu 2017. Imeji kubwa hufanya kazi ya kukompaili, kisha hubaki nyuma. Andika haya katika faili liitwalo Dockerfile, kwenye folda ileile:

FROM gcc:13 AS jenzi
WORKDIR /kazi
COPY zabibu.c .
RUN gcc -static -o zabibu zabibu.c

FROM alpine
COPY --from=jenzi /kazi/zabibu /zabibu
CMD ["/zabibu"]

Neno -static ndilo linalotatua fumbo lako, kwa kuwa huiingiza maktaba ndani ya faili lenyewe, na hivyo kipakiaji hakihitajiki tena. Faili litanenepa kiasi, lakini litaendeshwa ndani ya Alpine bila kuuliza habari za glibc. Lijenge kwa docker build -t zabibu . bila kukisahau kile kitone cha mwisho, kisha uliendeshe kwa docker run --rm -it zabibu.

SWALI: Programu yangu huandika matokeo katika faili la jumla.txt kwenye folda niliyoifungua kwa -v. Faili linaonekana, lakini nikitaka kulihariri nakataliwa, na ls -l inasema mmiliki ni root. Nimekosea wapi? — Msomaji wa Mpwapwa

JIBU: Usipoagiza vinginevyo, mchakato ulio ndani ya kontena la imeji kama ya gcc huendeshwa na root, na kwa usakinishaji wa kawaida wa Docker kwenye Linux, root wa ndani ana namba ileile ya root wa nje, yaani 0. Ongeza -u "$(id -u):$(id -g)" mara baada ya docker run, na mafaili yatakayoandikwa kuanzia hapo yatakuwa yako. Lile lililokwisha kuandikwa lirudishe kwa sudo chown "$(id -u):$(id -g)" jumla.txt.