Banda Limekamilika, Kuku Wako Wapi Baba?

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, naishi Chanika, nina mke na watoto watatu. Mwaka 2023 kazini walipunguza watu na mimi nikawemo, nikapata mafao yangu milioni nne nikaamua nifuge kuku wa nyama. Banda nilishajenga, semina nimehudhuria, video nimeangalia nyingi sana na mchanganuo wa biashara ninao kwenye kompyuta, kuku mia tano. Nasubiri tu mambo yakae sawa maana haraka haraka haina baraka. Tatizo ni mke wangu. Yeye anauza vitumbua na siku hizi ananidharau, juzi kaniambia mbele ya watoto kuwa mimi ni mfugaji wa mdomoni. Hanipi sapoti hata kidogo. 2019 nilijaribu kuku mia mbili wakafa karibu wote, shemeji zangu wakanicheka, lakini hayo yalishapita. Kwenye akaunti nina milioni tatu na laki moja. Nifanyeje mke wangu aniamini?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa kupoteza kazi, na pole kwa hilo neno la mbele ya watoto, hapo mama watoto alikosea, angekuambia mkiwa chumbani. Huruma yangu inaishia hapo.

Maana barua nimeisoma nikairudia na huyo mke mbaya simuoni popote. Ninaemuona ni mwanamke anaeloweka mchele jioni, usiku anausaga na tui na iliki, anatia hamira anaacha uumuke, alfajiri wewe unakoroma yeye yuko jikoni na kikaango, vile vitumbua vya mwanzo vinanata vinakatika anaviweka pembeni watoto wale na chai, anaongeza mafuta kidogo anaendelea na vingine. Hajawahi kukwambia leo siuzi kwa sababu cha kwanza kimenata. Halafu hujaandika nani analipa ada. Hujaandika nani ananunua unga na mkaa. Basi nimejua.

Sasa tuje kwenye kale kasentensi ulikokaficha huko mwishoni, eti yalishapita. Hayajapita kitu baba. Kuku walikufa 2019 na mpaka leo unaogopa kicheko cha shemeji zako, ndio maana banda limesimama tupu na nina uhakika sasa hivi mmeweka humo madumu na baiskeli mbovu. Kila ukitaka kwenda kuagiza vifaranga unakumbuka wale mashemeji, unafungua video nyingine. Na semina ni tamu kwa sababu kwenye semina kuku hawafi. Ungekuwa unafanya utafiti kweli ungeniambia wale mia mbili walikufa kwa ugonjwa gani, hilo tu, lakini hujui, hukuuliza, ulifukia mizoga ukafunga mdomo. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima na wewe una miaka unachagua jembe.

Hili neno sapoti nalo limenichosha. Ndoa za siku hizi kila mtu anataka sapoti, mume akiwaza kitu anataka apigiwe makofi kwa kuwaza, mke akiuliza lini anaambiwa ana dharau, anakatisha tamaa, hana maono. Zamani mwanaume alikuwa anaondoka na panga asubuhi, mke anaona shamba limefyekwa, hapo ndipo anapika chakula cha nguvu, hakuna aliekaa barazani akaombwa aaminiwe. Na wanawake nao wapo wenye maduka ya nguo ya kwenye simu tu, picha kibao mzigo hakuna, msidhani nawaacha, zamu yenu inakuja. Lakini leo ni huyu wa kuku. Mkeo amekaa na banda tupu tangu hizo hela zimetoka, na bado yupo. Hiyo ndio sapoti yenyewe, ulitaka ipi tena?

Achana na mia tano. Nunua vifaranga hamsini. Hamsini hata wakifa wote nyumba haiyumbi na watoto wanakwenda shule, na ukubali kabisa moyoni kwamba wachache watakufa, hata wafugaji wakubwa wanafukia kifaranga. Toa hayo madumu, mwaga maranda, weka joto, wiki ya kwanza ni nyuzi 32 mpaka 35, na kama huna kipimajoto waangalie wenyewe, wakirundikana kwenye jiko wanaona baridi, wakikimbilia ukutani wanahema midomo wazi unawababua, wakisambaa wanadonoa umepatia. Na ukitumia mkaa acha upenyo wa hewa usije ukawaua kwa moshi. Siku ya 7 chanjo ya kideri, yaani mdondo, siku ya 14 ya gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua vifaranga, siku ya 21 unarudia ya kideri, na maji ya kuchanganyia yasiwe ya bomba yenye dawa, maana chanjo ile ni kirusi hai, klorini inaiua, unabaki unawanywesha maji matupu ukijua umechanja. Nina wasiwasi wale mia mbili walipotelea hapo hapo, au hukuchanja kabisa. Afisa mifugo wa kata yupo, muulize, ndio kazi yake. Ila haya yote unayajua, si umeangalia video?

Ambacho hukijui ni wateja, na hapo ndipo umenichekesha, mtu umeenda semina kutafuta soko na soko unalala nalo kitanda kimoja. Mwanamke anaeuza vitumbua kila asubuhi anamjua muuza chips, anamjua mama ntilie wa kituoni, anajua nani analipa taslimu na nani anakopa akabadilisha njia. Kuku wa nyama akifika wiki ya tano inabidi atoke, kila siku anayozidi kukaa anakula faida yako, maana hela nyingi kwenye hii kazi inaishia kwenye chakula. Kwa hiyo usiku wa leo usimuombe akuamini. Muulize, mama fulani, nikiwa na kuku hamsini nani atachukua? Atakutajia majina kabla hujamaliza sentensi, wewe andika. Halafu kesho nenda kaagize, mpe risiti aishike. Shemeji watacheka, ndio kazi ya mashemeji, watacheka wakifa na wakipona watakuja kuomba wa kuchoma.

Lipo lingine, sikutaka kulisema ila kalamu imeniwasha. Juu umeandika mafao milioni nne, chini imebaki tatu na laki moja. Banda unasema nilishajenga, hujasema kwa hela gani. Kama laki tisa ndio lile banda, naomba radhi. Kama banda lilijengwa kwa vitumbua, basi mkeo hesabu za kutoa anazijua vizuri kuliko unavyofikiri, mwambie mwenyewe ilikokwenda kabla hajakuuliza.