Usichore hata fremu moja kabla animatiki haijafungwa

Mkuu mleta mada, huo mpango wa kuanza kuchora Februari usimamishe hadi animatiki (michoro ghafi iliyopangwa kama video, yenye sauti na muda wa kila shoti) ifungwe, yaani mkubaliane haibadiliki tena. Umesema wewe ni mhuishaji, studio ya umma huko Kanada imekukabidhi filamu yako ya kwanza kama mtayarishaji, ya dakika 8. Kuna mzoefu amekushauri mwanze kuchora shoti za mwanzo sasa hivi, sauti na uhariri vije baadaye, ili hela ziishe kabla mwaka wa fedha wa serikali haujafungwa Machi 31. Hapo ndipo filamu hufia. Mengine uliyouliza yasubiri.

Watu wa aina ya huyo mzoefu wamejaa kwenye warsha. Wanashika maiki, wanasema "anza tu, utarekebisha kwenye uhariri," wanakunywa soda na kuondoka. Hiyo ni akili ya kamera. Anayepiga picha za watu halisi hurudi na saa kibao za kuchagua na kukata. Kwenye uhuishaji hakuna ziada: kila sekunde unayoitupa, kuna mtu aliichora na umeshamlipa. Ndiyo maana huku tunahariri kwanza, kuchora kunafuata. Mnaosema nina hasira: ndiyo, ninazo, fremu 24 kwa sekunde.

Piga hesabu. Dakika 8 ni sekunde 480, yaani fremu (picha moja moja) 11,520. Hata mkitumia mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, ni michoro 5,760, na hapo ni mhusika mmoja tu. Tuseme una wachoraji wawili na kila mmoja anatoa sekunde 4 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya wiki 60. Sauti ikija, mwanzo ukaonekana unaburuza na zikakatwa sekunde 40, umetupa wiki 5 za watu wawili, na hapo hatujahesabu kusafisha mistari, rangi wala kuunganisha tabaka. Na zitakatwa! Shoti za mwanzo ambazo umeandika "hazitabadilika kamwe" ndizo hupigwa panga kabla ya zote.

Chukua mama anayemimina chai. Kwenye stori-bodi (michoro ya awali ya kila shoti) umempa sekunde 14: birika linainama, mvuke unapanda, kikombe kinajaa, kila mtu anapenda. Msimulizi anaingia, sentensi yake inaisha kwenye sekunde ya 5. Zilizobaki 9 ni fremu 216, michoro 108, zote kapuni. Tena huwezi kukata mkia tu ukaendelea na maisha. Mkono ulipangiwa kushuka taratibu kwa sekunde zote 14, kwa hiyo ukikata kwenye ya 5 chai bado haijafika kwenye kikombe. Shoti nzima inapangwa upya na kuchorwa upya.

Mhusika akiongea ndiyo balaa. Kwenye m, b na p midomo lazima ifunge, na ifunge kwenye fremu ileile ambayo sauti imefunga. Ukichora kwanza kisha ukarekodi, mwigizaji atavuta pumzi mahali usipotegemea, na midomo yote inarudi mezani. Na kwa kuwa uko Kanada, filamu itatakiwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na masimulizi ya Kifaransa kwa kawaida hurefuka kuliko ya Kiingereza. Pima yote mawili ndani ya animatiki kabla ya kuifunga. Filamu nyingi za uhuishaji za Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada hazina maneno kabisa, kwa hiyo hupita lugha zote bila kurekodiwa upya. Kama hadithi yako inaruhusu, fikiria hilo.

Hela za kabla ya Machi 31 zina pa kwenda bila kuchora filamu: rekodi sauti za kweli, lipa mtunzi wa muziki, malizia michoro ya wahusika kwa pembe zote, fanya jaribio la sekunde 5 la mtindo mnaoutaka hadi rangi ya mwisho. Hilo jaribio litakuonyesha pia sekunde moja inakula siku ngapi za kazi, na bajeti ya mwaka ujao ijengwe juu ya namba hiyo, siyo juu ya matumaini.

Animatiki yenyewe: kila shoti ipewe namba kwa makumi, 010, 020, 030, ili ukipachika moja katikati iwe 015 bila kuvuruga mafaili. Namba ya shoti na kihesabu cha fremu vionekane kwenye kona ya picha. Ionyeshe kwa watu ambao hawajasoma mswada, kwenye skrini kubwa, na usieleze chochote. Wakianza kuchungulia simu, andika namba ya shoti. Kata, onyesha tena kwa watu wengine. Ikikaa sawa, mwongozaji, mhariri na wewe mtie saini jedwali lenye urefu wa kila shoti kwa fremu. Kuanzia hapo, anayetaka kurefusha shoti aandike kwanza ni siku ngapi za mchoraji na zinatoka fungu gani. Wengi hughairi wakifika kwenye kuandika.

Kuhusu mhuishaji kugeuka mtayarishaji, kwa kifupi: njia ipo na wamepita watu. Marcy Page alikuwa mhuishaji kabla ya kuwa mtayarishaji pale Bodi ya Taifa, na mbili kati ya filamu alizotayarisha na wenzake, ya 2004 na ya 2006, zilipata Oscar. Michael Fukushima aliongoza filamu yake ya uhuishaji ya 1992, akawa mtayarishaji, na baadaye akaongoza studio ya uhuishaji ya Kiingereza hapohapo. Ila ukikaa kiti hicho, kalamu weka chini. Mtayarishaji anayerekebisha mchoro wa mchoraji wake usiku anaficha ucheleweshaji ambao bajeti ilitakiwa iuone mapema.

Halafu ule wimbo maarufu ulioweka kwa muda kwenye animatiki, utoe leo. Una haki za utunzi na haki za rekodi, zinalipiwa mbali mbali, na mwongozaji akishauzoea atakataa kila kitu mtunzi wako atakacholeta. Weka mdundo mtupu wenye kasi ileile.