Amerefuka, lakini muda wake bwawani umesimama

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 13 na hushindana katika kuogelea kwa mtindo huru. Kwa mwaka mmoja amerefuka sentimita 8 na nyonga zimepanuka, lakini muda wake wa mita 100 haujapungua. Kocha anataka apunguze uzito, nami nahofia kuwa mazoezi yamemchelewesha kuvunja ungo. Nifanye nini?

Jibu: Mama, la kwanza ni kwamba binti asipunguziwe chakula. Sentimita 8 kwa mwaka ndiyo kasi ya kawaida ya msichana aliye katika kilele cha kurefuka, ambacho wengi hukifikia wakiwa na miaka 11 hadi 13, na hedhi ya kwanza hufuata takriban mwaka mmoja baadaye. Mafuta yanayojengeka nyongani na mapajani ni kazi ya homoni ya estrojeni, si ya ulafi.

Muda wake umesimama kwa sababu mikono na miguu hurefuka kabla ya kiwiliwili, na nguvu za misuli huja nyuma ya urefu. Mtazame anapogeuka ukutani: huenda bado anaanza kujikunja pale alipozoea akiwa mfupi, kumbe miguu imerefuka, magoti yanabanwa na msukumo unapotea. Hilo hurekebishwa kwa kumfundisha upya, na kocha mvumilivu hulimaliza bila kugusa sahani ya mtoto.

Kuogelea kwenyewe hakudumazi. Kinachoweza kuchelewesha hedhi ni kula kidogo kuliko nishati inayotumika mazoezini, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea tamko mwaka 2014. Kama matiti hayajaanza kuota, mlete sasa. Akitimiza miaka 15 bila hedhi, au ikianza kisha ikakatika kwa miezi 3, mlete pia. Kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili, mifupa yake inahitaji vishindo vya nchi kavu, na kuruka kamba siku chache kwa wiki kunafaa.

Mpime urefu kila baada ya miezi 3, asubuhi, kwani jioni uti wa mgongo huwa umejibana kidogo. Mpime akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi, na umpe kocha takwimu hizo azisome pamoja na muda wake. Urefu wa kuketi ukianza kuongezeka huku miguu ikipunguza kasi, kilele kinapita.