Kabla hujasema una gundu na daladala, andika saa

Mi niliamini kabisa nina gundu. Nafika kituoni Tabata, gari za ruti yangu hamna, dakika ishirini kimya, halafu zinaibuka tatu zimefuatana kama zinasindikiza bibi harusi, ya kwanza nyomi mtu ananing'inia mlangoni, ya tatu konda anakubembeleza uingie. Nikaamua wiki mbili niandike kwenye simu saa ambayo kila gari inapita (mama wa maandazi akaanza kunikwepa, alidhani natoka manispaa).

Kwa saa zilikuwa zinapita kama sita, wastani dakika 10. Kwa akili ya haraka utasema basi ntasubiri 5. Thubutu! Chukulia zinapishana dakika 2, kisha 18, kisha 2, kisha 18. Wastani bado ni 10, ila we unayetoka nyumbani bila kupanga, kwenye kila dakika 20 hizo 18 ziko ndani ya lile pengo kubwa, yaani mara 9 kati ya 10 unadondokea humo humo, na ukipiga wastani wa kusubiri inakuja dakika 8 na kitu. Hamna aliyekuroga.

Na kufuatana kwenyewe nako kuna hesabu yake. Gari ya mbele ikichelewa kidogo tu, kituo kinachofuata inakuta watu wameongezeka, kuwapakia ni muda, inachelewa zaidi, ya nyuma inakuta vituo vimeshafagiliwa haina cha kusimamia inatembea tu mpaka inaifikia. Watafiti wawili, Gordon Newell na Renfrey Potts, waliyaandika kihesabu haya mambo tangu 1964, wakiongelea mabasi yenye ratiba kabisa, sembuse yetu.

Kwahiyo mi sasa hivi nafanya hivi: ikija imejaa baada ya kimya kirefu sigombanii, achana na mambo ya kupitia dirishani, mwenzake yuko nyuma karibu na siti zipo. Ila ikija nyeupe, haina watu, na kituoni tumebaki watu watatu, panda fasta hata kama unasubiria chenji ya maandazi, maana hiyo ndo mkia wa msafara, ikishaondoka linaanza pengo.

Mbinu hii imenigomea mara mbili tatu hivi, zote siku za mvua, na Dar ikinyesha hata bodaboda zinapotea.