Picha ya uhalisia pepe inaganda kila nusu dakika kwenye Linux

SWALI: Habari mtaalamu. Natumia miwani ya Quest 3 na kompyuta yenye Ubuntu na kadi ya michoro ya AMD. Narusha picha kwa WiVRn, programu inayopeleka michezo ya kompyuta ya Linux kwenye miwani, kupitia Wi-Fi. Kuna siku miwani haiioni kompyuta kabisa. Ikikubali kuunganishwa, picha inakwenda vizuri, kisha kama kila nusu dakika inaganda, inakuwa vigaevigae, halafu inarudi. Nimeshusha kiwango cha data kutoka megabiti 100 hadi 30 kwa sekunde, hakuna kilichobadilika. Kompyuta na miwani vyote viko kwenye Wi-Fi ya 5 GHz, na kompyuta iko chumba cha pili kutoka kwenye ruta. Pia kuna mchezo wa Steam unaofunguka kwenye skrini ya kompyuta badala ya kwenye miwani. Je, ninunue kadi kubwa zaidi?

JIBU: Kadi usinunue. Katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote: ulishusha kiwango hadi 30 na kuganda hakukupungua. Njia iliyojaa data hupata nafuu ukiipunguzia mzigo, na yako haikupata. Maana yake njia haijajaa, bali kuna kitu kinaifunga kwa muda mfupi na kuifungua tena, kwa vipindi vinavyolingana. Kadi ya michoro iliyozidiwa haina tabia hiyo. Yenyewe hukwama pale mandhari ya mchezo inapokuwa nzito, haijali saa.

Tuipime. Vaa miwani, au mwombe mtu akuvalie, kwa sababu ikiwekwa mezani hulala na vipimo vyake havina maana. Tafuta anwani yake ya IP kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kisha fungua terminali uandike `ping -i 0.2 192.168.1.40`, ukiweka anwani ya miwani yako badala ya hiyo. Amri hii hupima muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi. Iache dakika tatu. Wastani unaotolewa mwishoni usikudanganye, maana huficha ugonjwa wenyewe. Kaza macho kwenye muda wa kila mstari, kwa milisekunde: 4, 3, 5, 4, 3, halafu ghafla 180, 240, 90, kisha 4 tena. Hesabu sekunde kati ya mruko mmoja na mwingine. Miwani ikiwa kwenye 72 Hz inahitaji fremu mpya, yaani picha moja kamili, kila milisekunde 13.9, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 250 ni fremu 18 ambazo hazikufika kwa wakati. Huko ndiko kuganda unakokuona. Vile vigaevigae ni pakiti, yaani vifurushi vya data, zilizopotea njiani: fremu nyingi hubeba mabadiliko tu ya zilizotangulia, basi moja ikiharibika, zinazofuata hurithi uharibifu.

Ukimaliza, rudia ping ileile kuelekea ruta. Miruko ikionekana hata hapo, miwani haina hatia. Kosa liko kati ya kompyuta na ruta.

Nami natarajia utaikuta hapo. Wi-Fi ya kompyuta ikipata mawimbi hafifu, kama inavyoelekea kuwa chumba cha pili, huacha chaneli yake kwa muda mfupi na kuzungukia chaneli nyingine ikitafuta kituo cha Wi-Fi chenye nguvu zaidi. Chini ya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Ubuntu, mawimbi yakiwa hafifu, msako huo hurudiwa karibu kila sekunde 30. Ukisoma barua pepe hutaugundua kamwe. Ukiwa ndani ya miwani, kichwa kinageuka na dunia haigeuki nacho, tumbo linachafuka. Ndiyo maana siwezi kukwambia uvumilie.

Dawa ya haraka ni kuifunga kompyuta kwenye kituo kimoja. Andika `nmcli -f BSSID,SSID,CHAN,SIGNAL device wifi`, nakili BSSID (anwani ya kituo) ya ruta yako ya 5 GHz, kisha andika mistari hii, ukiweka jina la muunganisho wako wa Wi-Fi mahali pa JINA na BSSID yako mahali pa AA:BB:CC:DD:EE:FF:

`nmcli connection modify "JINA" 802-11-wireless.bssid AA:BB:CC:DD:EE:FF`
`nmcli connection modify "JINA" 802-11-wireless.powersave 2`
`nmcli connection up "JINA"`

Mstari wa kwanza unaondoa sababu ya kusaka, kwa kuwa kituo kimeshachaguliwa. Wa pili unazima uokoaji wa umeme kwenye Wi-Fi, ambao nao hulaza redio katikati ya kazi.

Lakini dawa ya kweli ni waya. Kompyuta na miwani vikiwa vyote hewani kwenye chaneli moja, kila pakiti hupita hewani mara mbili: kutoka kompyuta hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi miwani. Unalipa nauli mbili kwa safari moja. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, na hewa yote ibaki ya miwani. Ukishachomeka, andika `sudo ethtool enp3s0 | grep Speed` ukiweka jina la kadi yako ya mtandao. Lazima isome 1000Mb/s au zaidi. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikibadilisha mipangilio ya programu, kumbe kebo ilikuwa na uzi mmoja uliokatika na imeshuka kimyakimya hadi 100. Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyuzi, 100 hutumia jozi mbili tu, kwa hiyo kebo mbovu huendelea kufanya kazi na hakuna anayeishuku.

Kuhusu miwani kutoiona kompyuta: WiVRn hujitangaza kwa huduma ya Avahi, inayosaidia vifaa kugunduana kwenye mtandao, kupitia bandari 5353 ya UDP, na picha hupita bandari 9757, TCP na UDP. Kama umewasha ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, ruhusu zote mbili: `sudo ufw allow 5353/udp` na `sudo ufw allow 9757`. Hakikisha Avahi inafanya kazi kwa `systemctl status avahi-daemon`. Angalia pia kwenye ruta kama miwani haijaingia kwenye mtandao wa wageni, maana mtandao huo kwa kawaida huzuia vifaa kuonana.

Ule mchezo unaobaki kwenye skrini ni suala jingine kabisa. Steam huendesha michezo ndani ya chombo kilichofungwa kisichoiona WiVRn. Dirisha la WiVRn linakuonyesha mstari wa kubandika kwenye chaguo za kuanzisha mchezo. Ubandike kama ulivyo. Mchezo ukiwa umeandikwa kwa OpenVR, mfumo wa uhalisia pepe wa Steam, badala ya OpenXR ambayo WiVRn inaielewa, utahitaji pia mkalimani kama xrizer au OpenComposite.

Jambo la mwisho la kukagua ni `vainfo`, amri inayoonyesha kama kadi ya michoro inaweza kubana picha kabla ya kurushwa. Orodha yake iwe na VAEntrypointEncSlice mbele ya H264 au HEVC. Isipokuwepo, kadi haibani picha, na kazi hiyo inaangukia prosesa. Hapo hata mtandao safi hautakuokoa.

Ukifanya yote haya na kuganda kukabaki, nitumie mistari ya ping ya dakika tatu, ya ruta na ya miwani, pamoja na matokeo ya `iw dev wlan0 link`, ukibadilisha wlan0 kama Wi-Fi yako ina jina jingine.