Namba zetu zilitoka wapi?

SWALI: Hivi mhariri, hizi 1, 2, 3 mbona tunaambiwa ni za Kiarabu wakati Misri wanaandika ٤ na ٥, na za Kirumi ziliachwa kwa nini?

JIBU: Ndugu yangu, asili yake India, kule ndo mwanahisabati Brahmagupta mwaka 628 aliandika kanuni za kuhesabu na sifuri, halafu karne ya 9 wasomi wa Baghdad kina al-Khwarizmi wakazieneza hadi Afrika Kaskazini, na huko ndo Fibonacci, mwanahisabati wa Pisa, Italia, alizisoma akawaandikia Wazungu kitabu mwaka 1202. Wao walizipata kwa Waarabu, jina likabaki hivohivo. Maumbo yalibadilika njiani, ya magharibi ndo yetu, ya mashariki ndo hayo ya Misri.

Za Kirumi ni herufi tu, sifuri hazina. Ndogo ikitangulia kubwa unatoa, ikifuata unajumlisha, kwa hiyo MCMXLIV ni M 1000, CM 900, XL 40 na IV 4, yaani 1944. Sasa jaribu kuizidisha kwa XXVII (27) uone shughuli yake, Warumi wenyewe walikuwa wanahesabia abako, yaani ubao wa kuhesabia! Kwetu 5 ikikaa nafasi ya tatu toka kulia tayari ni 500, hakuna herufi mpya ya kukariri. Kwenye saa za ukutani za Kirumi bado zipo, ila hapo 4 mara nyingi utaikuta IIII.