Maswali na majibu: Farasi anachechemea kidogo

Safari hii nimechagua barua za kuchechemea peke yake, maana zimezidi, na nyingi zinataka jibu la dawa kabla hata mwenye farasi hajautazama mguu.

Farasi wangu anachechemea kidogo. Nimpe dawa gani?

Mguu upi? Tangu lini? Kwato zilitengenezwa lini mara ya mwisho? Barua ya namna hii naipata kila mara, na kila mara najibu lile lile: kuchechemea si ugonjwa, ni dalili, na dalili haina dawa. Endelea kusoma, halafu uandike upya.

Mimi naona ni mguu wa mbele wa kushoto, mume wangu anasema wa kulia, na kijana anayemtunza anasema ni wa nyuma. Nani yuko sahihi?

Huenda hakuna, kwa sababu nadhani mnamtazama akitembea. Kuchechemea kidogo hakuonekani vizuri kwenye mwendo wa kutembea. Mtu amshike farasi kwa kamba, amkimbize mchakamchaka kwenye ardhi ngumu na tambarare, aende moja kwa moja na arudi. Kamba iwe imelegea! Nusu ya video ninazotumiwa zinamwonyesha mshikaji amekibana kichwa cha farasi kifuani kwake, na kichwa ndicho tunachotaka kukiona.

Kwa miguu ya mbele, farasi huinua kichwa pale mguu unaouma unapokanyaga, na hukiinamisha pale mguu mzima unapokanyaga. Wengi hukariri kinyume, wakaishia kuutibu mguu usio na kosa. Tega sikio pia: kwenye ardhi ngumu, mguu unaouma hukanyaga kwa sauti ndogo kuliko mwenzake.

Kwa miguu ya nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga. Bandika kipande cha plasta nyeupe kwenye kila nyonga, uone kipi kinapanda na kushuka zaidi. Huo ndio upande wa kutiliwa shaka. Sasa mtego wenyewe: maumivu ya mguu wa nyuma yakizidi, nayo hukifanya kichwa kitikisike, na utaapa kwamba ni mguu wa mbele wa upande uo huo. Kwa hiyo usimcheke huyo kijana.

Baada ya hapo mzungushe kwenye duara, kushoto na kulia. Mara nyingi mguu unaouma huonekana zaidi ukiwa upande wa ndani. Akizidi kwenye ardhi ngumu, fikiria kwato kwanza. Akizidi kwenye mchanga mzito, fikiria kano na mishipi inayoshikilia viungo. Hii si sheria, ni mwelekeo tu. Rekodi kwa simu, mwendo wa polepole, ili daktari aone ulichokiona wewe.

Fundi wa kwato alimpiga viatu Jumatano. Ijumaa akaanza kuchechemea mguu mmoja wa mbele. Jirani anasema ni bega, nimchue?

Bega! Kila farasi akichechemea, wa kulaumiwa ni bega. Maumivu mengi ya mguu wa mbele yako chini, na ndani ya ukwato ndiko kwa kuanzia.

Mwite fundi arudi leo. Msumari ukipita karibu mno na sehemu hai ya ukwato, farasi anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, kisha akaanza kuchechemea siku moja au kadhaa baadaye. Fundi agonge kila kichwa cha msumari polepole kwa nyundo ndogo; farasi mwenyewe atauonyesha wenye shida kwa kuunyakua mguu. Kiatu kikitolewa, misumari ing'olewe mmoja mmoja, na kila mmoja utazamwe kama umetoka na unyevu au usaha. Na msigombane. Ukuta wa ukwato ukiwa mwembamba, hata fundi hodari hupatwa na haya. Anayestahili kugombezwa ni yule anayekataa kurudi.

Nimekuta msumari umemchoma chini ya ukwato. Niung'oe nikaweke dawa?

Kama daktari anaweza kufika upesi, uache ulipo, mfunge ukwato kwa namna ambayo msumari hautasukumwa ndani zaidi, na farasi asitembezwe. Eksirei ikipigwa msumari ukiwa bado umo, daktari ataona umefika wapi. Ukishauchomoa, tundu hujifunga na njia hupotea. Ukilazimika kuung'oa, piga picha kwanza, weka alama mahali ulipoingia, na uutunze msumari wenyewe. Ukiwa umeingia kwenye ile pembetatu laini ya katikati ya unyayo au kando yake, hiyo ni dharura hata kama hachechemei sana, maana kiungo hakiko mbali na hapo. Na chanjo ya pepopunda? Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa upesi mno na pepopunda. Kama hukumbuki alichanjwa lini, mwambie daktari hivyo hivyo bila aibu.

Nilimpa fenilbutazoni, ile dawa ya maumivu, siku tatu, akaacha kuchechemea. Nimeanza kumpanda tena. Je, nimpunguzie dozi au niendelee?

Shuka kwanza. Hujamponya, umemnyamazisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kinachoumbuka ni kano iliyochanika kidogo ambayo ingepona kwa kupumzishwa, sasa inachanika zaidi kwa sababu farasi haisikii. Dawa hiyo ina kazi yake, nayo ni nzuri ikiandikwa na daktari anayejua anatibu nini. Ikitolewa ovyo huleta vidonda vya tumbo, huumiza utumbo mpana na figo. Wanaoshindana wajue pia kwamba kwenye mashindano yanayosimamiwa na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, farasi hatakiwi kukutwa nayo mwilini.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: usimpe farasi dawa ya maumivu asubuhi ya siku ambayo daktari anakuja kumtazama anavyochechemea. Atatazama nini?

Daktari anataka kumchoma sindano kadhaa za ganzi kabla ya kupiga eksirei. Si anataka kuongeza bili tu?

Hapana, huyo anajua kazi yake. Ganzi huanzia chini, karibu na ukwato, kisha hupanda hatua kwa hatua. Baada ya kila sindano husubiriwa dakika chache, farasi hukimbizwa tena. Akiacha kuchechemea, tumejua maumivu yako eneo lile, na hapo ndipo picha ina maana. Ukianza na eksirei ya mguu mzima, utaona mifupa yenye mabadiliko ya zamani yasiyouma kabisa, utaitibu hiyo, na farasi ataendelea kuchechemea. Kano, kwa upande wake, haionekani vizuri kwenye eksirei. Hiyo inataka altrasaundi.

Ninaowashangaa zaidi ni wale wanaokunja mguu wa farasi dakika moja, wakamkimbiza, wakatangaza ugonjwa wa kiungo. Farasi wengi wazima huchechemea hatua mbili tatu baada ya kukunjwa hivyo. Kipimo hicho kinasaidia, lakini peke yake hakihukumu. Na panaposhukiwa ufa wa mfupa, hakuna kukunja wala ganzi, maana farasi asiyesikia maumivu atauvunja kabisa.

Akianza kazi anakuwa mgumu, akipata joto anatembea vizuri. Si uzee tu?

Uzee si ugonjwa. Mtafutie baridi yabisi ya viungo, hasa vifundo vikubwa vya miguu ya nyuma.

Farasi wangu ni mnene. Siku hizi anakanyaga kwa woga kwa miguu yote miwili ya mbele, hasa akigeuka, kama mtu anayepita juu ya makaa. Nimzidishie mazoezi apungue?

Usimtoe hata hatua moja. Miguu miwili ikiuma sawa, kichwa hakitikisiki, na ndiyo maana watu husema "amekuwa mvivu tu". Gusa pande mbili za nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato: mapigo ya damu yakidunda kwa nguvu, na farasi amezoea kusimama ameegemea nyuma, huenda ni uvimbe wa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Tishu hizo zikiachia, mfupa huzunguka na kushuka. Ondoa nafaka, asile majani mabichi, mwekee matandazo laini na mengi, umwite daktari leo. Unene utaushughulikia baadaye, kwa chakula.

Mtoto wa farasi, wiki mbili, anachechemea. Nadhani mama yake kamkanyaga. Nisubiri siku ngapi?

Hata moja usisubiri. Katika umri huo ni maambukizi ya kiungo mpaka daktari athibitishe vingine. Mpime joto la mwili sasa hivi, huku ukimpigia simu.